Samba Iliyotoka Rwamgasa

Kwetu Kishapu mashindano ya ngoma hayana refa. Pamba ikishauzwa na mtama ukishaingia ghalani, makundi mawili yanapewa uwanja mmoja, moja huku na jingine kule, na yote yanapiga kwa wakati mmoja. Watu wanasimama katikati, wanasikiliza, halafu miguu yao inaamua. Wakikujia wewe umeshinda. Wakikupa mgongo umeshindwa, na habari zako zitasimuliwa kwenye kila mnada mpaka msimu mwingine. Mimi naupenda mchezo huu kuliko sikukuu zote. Hauna adabu na hauna rufaa.

Kaka yangu ndiye ningi wetu, yaani kiongozi wa ngoma. Yeye ndiye anayetunga nyimbo na kuzianzisha, na ndiye anayemsimanga ningi wa upande wa pili kwa mashairi mpaka watu washike mbavu. Mimi nipo kwenye safu ya wanawake tunaoitikia. Nina sauti, na mama anasema nina mdomo pia. Sikatai.

Msimu ninaousimulia, kaka alikuwa amerudi kutoka Rwamgasa, mkoani Geita, alikokuwa akichimba dhahabu. Alirudi amekonda, macho yameingia ndani, nikajua mwaka huu tumekwisha. Mtu aliyeutumia mgongo kuvunja mawe chini ya ardhi atapata wapi pumzi ya kucheza? Ningi wa wapinzani wetu, jitu refu lenye mwanya ambalo nalo huenda machimboni kila kiangazi kama nusu ya wanaume wa kwetu, lilikuwa limeshaanza kutuimba minadani. Lilisema ningi wetu amerudi mifupa mitupu, tumfunge kengele tumchunge na mbuzi.

Basi siku ya mashindano ikafika. Nasema ukweli, sijawahi kuona kitu kama kile! Kaka alianza jua likiwa utosini na hakukaa. Wenzake walikuwa wakipokezana, wakienda kunywa maji kwenye kivuli cha trekta, yeye yumo tu. Njuga miguuni, usinga mkononi, vumbi limempaka mpaka kope, na bado anaruka. Watu walianza kusogea mmoja mmoja, halafu kundi kwa kundi, halafu ikawa mbio. Kinamama walibeba watoto wao na kukimbia kuja kwetu. Bodaboda walipiga honi, simu zikainuliwa juu. Kule kwa wapinzani wakabaki mbwa na wazee wawili waliochoka kutembea. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikanikimbia, na nilipofika nyumbani niliongea kwa mikono.

Mtu asiyechoka, kwetu, haachwi bila maelezo. Kila kundi la ngoma lina samba, dawa ya kienyeji ya kuvuta watu, na samba ya kundi letu ilikuwa ikipakwa kwenye ngoma na mganga wetu mmoja mzee mwenye wivu mkubwa. Lakini mambo aliyoyafanya kaka siku ile yalimzidi mganga huyu, hilo lilijulikana. Wachezaji wakamzunguka kaka wakisema, "Wewe umepita kwa waganga wa Wasumbwa huko magharibi. Umeleta samba kali. Usituchezee, sisi ndugu zako."

Kaka angeweza kucheka akasema hapana. Hakusema. Alikuwa amezoea kusimangwa kwa mifupa yake, na sasa watu wazima walikuwa wakimbembeleza. Baada ya siku mbili tatu akaja mazoezini na pembe ndogo ya swala, imezibwa kwa nta, na ndani yake mna unga mweupe uliochanganywa na majivu. Kila mtu akaruhusiwa kulamba kidogo kabla ya kucheza. Ulikuwa mchungu mno, na uchungu ule ndio uliowaridhisha. Samba tamu nani aliwahi kuiona?

Kundi likawaka. Mpiga ngoma wetu mkubwa, mtu wa miraba minne ambaye zamani alikuwa akilalamika mabega, sasa alipiga tangu asubuhi mpaka ng'ombe wanarudi zizini, akicheka. Tulishinda Tinde. Tulishinda karibu na Mhunze, mbele ya watu ambao hawatupendi. Tukawa tunaalikwa mpaka harusini. Mimi nilishona vitambaa vipya vya kichwa vya safu yetu yote na nikatembea gulioni kifua mbele, nikiwasalimia wanawake wa upande wa pili kwa upole wa makusudi, ule unaouma kuliko tusi.

Lakini ngoma ivumayo haikawii kupasuka. Nyumbani niliona mambo ambayo uwanjani hayakuonekana. Kaka alikuwa hali chakula. Mama alimsongea ugali wa mtama na mlenda, chakula alichokipenda tangu utoto, akala tonge moja akasukuma sahani. Alijikuna mikono mpaka ikatoka alama. Chooni alikaa muda mrefu akatoka na uso wa kukata tamaa. Na siku ambazo hakuna ngoma, akichelewa kutoka chumbani, alikuwa mtu mwingine kabisa: anapiga miayo mfululizo, makamasi yanamtiririka, jasho linamtoka kwenye baridi, na vinyweleo vimesimama kwenye jua. Kisha angeingia chumbani kidogo, akatoka mzima, anaimba.

"Wamemtupia kitu," alisema mama. Alikuwa na maana ya wapinzani. Mimi nikakubali haraka, maana chuki yangu kwa jitu lile lenye mwanya ilikuwa tayari imeiva na ilihitaji kazi.

Siku moja ya mazoezi, mpiga ngoma wetu alilamba ile pembe mara nyingi kuliko kawaida. Alisema imepungua nguvu. Alipiga vizuri mwanzoni, halafu mkono mmoja ukaanza kukosea. Niligeuka nimkaripie. Nikamwona amekaza shingo, macho yamepanda juu, akaanguka na ngoma yake na mwili mzima ukaanza kutupwatupwa chini. Povu lilimtoka. Mtu huyu hakuwahi kuwa na kifafa, wala kwao hakuna. Wanawake wakapiga yowe. Wanaume wakapiga kelele kwamba wapinzani wametuma, aitwe mganga, aletwe kondoo wa kafara.

Mganga hakuhitaji kuitwa. Alikuwa hapo hapo ukingoni mwa uwanja, ameshanuna kwa msimu mzima. Hakumgusa mgonjwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye pembe, akachovya kidole, akalamba, akatema mate mbali.

"Hii si samba," alisema. "Hii ni ya dukani. Nilipewa nilipoanguka darini nikavunja mguu. Nililala siku nzima nikicheka na kuku."

Walimzomea! Wakamwambia wivu utamuua, kwamba anaona ngoma za watu zinang'aa bila majivu yake. Mimi pia nilikuwa nimeshafungua mdomo kumtolea uvivu. Halafu nikamtazama kaka. Wote walikuwa wakimtazama mganga kwa hasira, isipokuwa kaka, ambaye alikuwa akiutazama ule mwili chini. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona nyoka ndani ya kitanda cha mtoto. Nikajua kwamba mganga yule mwenye wivu, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alikuwa amesema kweli.

Nilimkamata kaka mkono, nikamburuta nyuma ya ghala. Mimi ni mdogo wake lakini siku ile sikukumbuka.

"Sema!"

"Tramadoli," alisema. "Vidonge vya maumivu. Kule duarani, kwenye mashimo ya dhahabu, wote tunameza. Bila hivyo hushuki, na ukishuka hupandi. Nilivipasua maganda, nikamwaga unga kwenye pembe."

"Na wewe mwenyewe?"

"Mimi sivihesabu tena. Mimi nikikosa asubuhi, sisimami."

Nilimpiga kofi. Nikamkumbatia. Nikampiga tena. Kisha nikamwambia kwamba kule nje kuna mtu anakufa na watu wanatafuta kondoo, na anayejua alichokula ni yeye peke yake, kwa hiyo achague sasa hivi kati ya jina lake na roho ya mwenzake. Kaka akaniponyoka. Alitoka mbio. Alimbeba mpiga ngoma, ambaye mwili wake ulikuwa umetulia lakini akili haijarudi, tukampandisha kwenye bodaboda tukiwa tumembana katikati, na watu nyuma yetu wanapiga kelele kwamba mgonjwa wa namna hii hapelekwi kudungwa sindano, sindano itamuua.

Kwenye kituo cha afya kaka alisema kila kitu kwa mdomo wake. Daktari, kijana mpole mwenye macho ya usingizi, hakushangaa. Alituambia dawa ile ni ya kweli na ina kazi yake, kwa mtu aliyepasuliwa au aliyevunjika, kwa kipimo na kwa muda. Ukiila kila siku ili ufanye kazi, mwili unaizoea na kudai zaidi. Ukizidisha, huleta degedege kama ile, na inaweza kukata pumzi mtu akiwa amelala. Na ukiiacha ghafla baada ya kuizoea, mwili unalipiza. Ndiyo ile miayo. Ndiyo yale makamasi na jasho ambayo mama alikuwa akiyaita uchawi.

"Shikamoo zenu zote kwa waganga hazitaondoa hilo," daktari alisema, akitabasamu. "Tutapunguza kidogo kidogo. Lakini vidonge asivishike yeye."

Nikavishika mimi. Nilivifunga kwenye pindo la kanga kiunoni, nikampa kaka kile alichopangiwa na daktari, si zaidi, na kila baada ya muda tulirudi kituoni kupunguziwa tena. Mpiga ngoma naye alinusurika, akaambiwa ukweli, akaitunza siri kwa aibu. Kwa watu wengine kaka alisema tu kwamba pembe imepasuka na msimu umeisha. Wachezaji wengine walikuwa wakilamba siku za ngoma tu. Wachache waliumwa mwili kwa siku kadhaa, wakadhani ni malaria, wakapona.

Kaka hakupona hivyo. Sitaki kuongopa na kusema ilikuwa safari nzuri. Alinibembeleza, alinitukana, aliniita mchawi, alilia. Miguu ilimruka kitandani kama si yake, na mama aliikalia kwa upendo wote huku akimnywesha uji. Siku moja alikata pindo la kanga yangu nikiwa nimesinzia mchana kwenye mkeka, akakuta nimefunga punje za mahindi. Niliamka nikamwona amekaa na zile punje kiganjani, anacheka na machozi yanamtoka, na mimi nikacheka naye, kisha mama naye bila kujua tunacheka nini. Vidonge nilikuwa nimevihamishia kwenye chungu cha mlenda. Nimesema nina mdomo. Sikusema sina akili.

Ikapita masika. Pamba ikachanua, ikavunwa. Kaka akaanza kula. Siku aliyomaliza ugali wake akasogeza sahani kwa mama na kusema, "Mayu, ongeza," mama alikwenda jikoni akakaa huko muda mrefu kuliko inavyochukua kupakua ugali. Na mwishowe daktari akasema basi, hakuna kidonge tena.

Ndipo likaja lile lililokuwa likitutisha wote watatu. Tulikuwa tumepangiwa mashindano na wale wale wapinzani. Kundi lilikuwa limekuja uani kwetu na swali moja: pembe mpya iko wapi?

"Nitakuja nayo," kaka aliwajibu. Nilitaka kumrukia. Walipoondoka nikamuuliza ana maana gani. Alisema hajui. Alisema tangu arudi kutoka Rwamgasa hajawahi kucheza hata wimbo mmoja bila kile kitu damuni, na hajui kama yule ningi waliyemshangilia alikuwa yeye au vidonge. "Nikienda mikono mitupu nitaanguka mbele ya Kishapu nzima," alisema. "Na ukiuliza pale mnadani nani anauza, vidonge hivyo vipo, dada. Kimoja tu. Cha siku hiyo tu." Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, na hilo ndilo lililonitia hofu kuliko matusi yake yote. Nilijua, naye alijua, kwamba kimoja kile kingemrudisha mwanzo.

Asubuhi ya mashindano sikumwona. Mama alisema ametoka mapema. Nilivaa kitambaa changu cha kichwa, nikaenda uwanjani nikiwa nimeamua kumnusa, kumpekua, kumvua nguo mbele ya watu ikibidi. Nilimkuta ameshafika. Amevaa njuga. Alikuwa anatoka jasho na mimi nikalitazama lile jasho nikishindwa kulisoma. Akafungua viganja vyake vyote viwili mbele yangu, havina kitu, akaenda kusimama mbele ya ngoma. Wachezaji walikuwa wakimuuliza kuhusu pembe. Aliwaambia, "Pigeni."

Wakapiga. Upande wa pili nao wakapiga, na ardhi ikaanza kutikisika chini ya viatu vyangu. Hee! Hata nikisimulia sasa moyo unanienda mbio. Kaka alianza vizuri, sauti ile ile. Wimbo wa kwanza watu wakasogea kwetu. Wimbo wa pili wakaongezeka. Wimbo wa tatu nikaona mabega yake yanapanda na kushuka, akaruka akachelewa kutua, akaruka tena, halafu akafanya kitu ambacho ningi hafanyi. Alikaa chini.

Watu wakaguna. Wa kwanza wakaanza kugeuka. Nikaona migongo. Kule ng'ambo jitu lenye mwanya lilikuwa limepandishwa juu ya pipa, linaimba kwamba mifupa imevunjika, na watu wanacheka wakiliendea. Nilitamani ardhi inimeze.

Kaka, akiwa amekaa hapo hapo kwenye vumbi, akaanza kuimba. Ngoma zetu zilikuwa zimesita, kwa hiyo ilisikika sauti yake tu, kwa Kisukuma kizito cha kwetu. Kwa Kiswahili ni kama hivi:

Mlisema nina samba, kweli nilikuwa nayo,
ilitoka dukani, na karatasi yake iling'aa.
Tazameni ningi wenu, dume la pembe:
bila kidonge haendi hata chooni,
na akishameza, choo chenyewe hakiji!

Kikatoka kicheko kimoja. Kisha kingine. Ningi humsimanga adui, hiyo ndiyo kazi yake. Hakuna aliyewahi kumsikia ningi akijisimanga mwenyewe. Migongo ikageuka. Mimi nilielewa alichokuwa akifanya, na kabla safu yangu haijajua iitikie nini, nikaitikia peke yangu kwa sauti yote niliyopewa na Mungu: "Choo chenyewe hakiji!" Wanawake wakanipokea. Mpiga ngoma wetu akainamia ngoma yake na kuitandika. Kaka akainuka.

Akaimba miayo yake. Akaimba makamasi. Akaimba dada yake na punje za mahindi, na watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Walikuwa wanakuja mbio sasa, na kicheko kikawa kikubwa kuliko ngoma za pande zote mbili. Kisha akashusha sauti:

Mpiga ngoma wangu mlimwona ameanguka,
mkatafuta mchawi mpaka ng'ambo ya mto.
Mchawi ndiye huyu anayewaimbia.

Hakuna aliyecheka. Safu yetu ilisahau kuitikia. Wachezaji wetu, wale waliolamba, walimtazama mmoja mmoja, na mmoja akavua njuga zake akaziweka chini, akaondoka. Kaka alimwona akiondoka, akaurudia mstari ule. Mpiga ngoma hakuacha kupiga hata kidogo. Nililia na sikujali nani anaona. Sijawahi kujivunia mtu namna ile.

Ndipo nikasikia kwamba ngoma za ng'ambo zimenyamaza. Nikageuka, na yule ningi mwenye mwanya alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshuka kwenye pipa, ameuacha uwanja wake. Hilo halifanywi. Nilikuwa na tusi lake tayari, nililitunza mwaka mzima, na nikafungua mdomo kulitoa. Nikaona mkono wake. Jua lilikuwa kali la kupasua mawe, na vinyweleo vya mkono ule vilikuwa vimesimama vyote. Akapiga mwayo mrefu, akauziba kwa kiganja kwa aibu, kama mtoto kanisani.

Kaka alimwona. Hakuacha kucheza, maana watu wote wa Kishapu walikuwa wanatazama na hakutaka wajue. Alimsogelea kwa mruko mmoja, kana kwamba anamchokoza, akamwinamia sikioni. Mimi tu niliyekuwa karibu ndiye niliyesikia.

"Umebakiwa na vingapi?"

"Cha jioni tu," alijibu yule mtu.

"Usitupe, na usiongeze. Kesho asubuhi nakupitia, twende wote kituoni kwa daktari."

Kisha akamshika mkono, akamvuta mbele ya ngoma zetu, na mimi nikapiga kigelegele.